Vifaranga Hawahesabiwi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa mbishi kupindukia. Nikikatazwa jambo, ndipo mikono inaniwasha. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alitulea mjini kwa kufuga kuku. Chumba kizima cha uani, kwetu Kimara, alikiachia vifaranga, wakalelewa chini ya balbu mbili za joto. Bibi, mama yake mzazi, mtu wa Tanga, alinikataza neno moja tu: nisiwahesabu kwa kidole. Kiumbe hai akihesabiwa, alisema, mauti nayo huanza kuhesabu.

Asubuhi moja ya masika, Mama akiwa sokoni Mabibo, niliingia nikahesabu. Tisini na saba. Hata mlango sijaurudisha, balbu zikazimika.

Umeme ulikuwa ukikatika kila wiki, lakini siku ile niliamini nimeuzima mimi. Mvua ilinyesha, baridi ikaingia, na vifaranga wakaanza kulia na kupandana wakitafuta joto. Wa chini walikuwa wanakufa kwa kukosa pumzi.

"Watawanye! Usiwaache walundikane!" Bibi alifoka, huku akipuliza mkaa uliolowa. Jiko likakataa kushika. Lilipokubali tulichemsha maji, tukajaza chupa, tukazifunga matambara na kuwapangia katikati. Wengine Bibi aliwatia kifuani, ndani ya kanga. Nilitawanya, wakalundikana, nikatawanya tena. Kila niliyemwokota amelegea nilimficha nyuma ya debe, kana kwamba asipoonekana hajafa.

Mama alirudi saa tisa mchana, amelowa chapachapa. Umeme bado.

"Wamebaki wangapi? Hebu wahesabu."

Nikatupia jicho debe. Aliporudia kwa ukali nikaangua kilio. "Mama, mie ndo nimewaua. Niliwahesabu asubuhi."

Bibi akaguna. Nilingoja kofi. Mama akachuchumaa kando yangu, akanyoosha kidole. "Mie nawahesabuga kila siku, asubuhi na jioni. Mbona hawafi?" Akaanza kwa sauti, mbele ya Bibi: mmoja, wawili, watatu. Alifika sitini na mmoja. Sauti ilikuwa inamkwama, nami nikadhani ni baridi.

Usiku huo nililala fofofo. Leo nina sola na betri nyumbani kwangu, na bado taa zikizima moyo unanilipuka. Ila sijajiita muuaji tena.

Mwaka jana nilimuuliza Mama kama kweli alikuwa akiwahesabu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Nithubutu wapi, mwanangu? Maneno ya bibi yako nayaogopa mpaka kesho. Usiku ule sikulala, nangoja wafe wote."

Hawakufa. Lakini hilo hakulijua aliponyoosha kidole. Waliobaki ndio waliokuwa riziki yetu yote, naye aliogopa kuliko mimi, akahesabu.