Yaya aliyemwonea wivu mbwa aliyetumwa kumchagua

Saa tisa na nusu alasiri, basi la shule linapiga honi mara mbili na kusimama mbele ya geti la kijani. Mwanamke mwenye aproni ya bluu ameshafika. Mkono mmoja umeshika geti, wa pili umenyooshwa kupokea begi.

Msichana wa miaka tisa anashuka. "Shikamoo, Dada," anasema, lakini hasubiri marahaba. Begi linaingia mkononi mwa yaya, na kufumba na kufumbua mtoto yuko barazani, magoti sakafuni, anacheka, huku kijibwa cha rangi ya chai ya maziwa kikimrukia kifuani.

"Usoni hapana! Asikulambe usoni! Daktari alisemaje?" yaya anapaza sauti kutoka getini.

Hakuna anayemsikia. Anafunga komeo, anaweka begi begani na kutikisa kichwa.

"Umeona mwenyewe," anamwambia mwandishi wa gazeti. "Miaka yote kwenye geti hili nilikuwa nakumbatiwa mimi. Siku hizi nimekuwa msumari wa kutundikia begi."

Mtaani wanamwita Dada Pampu. Jina hilo limetokana na pampu ya pumu ambayo haitoki mfukoni mwa aproni yake, hata akienda kununua vitunguu. Ana miaka arobaini na moja. Alianza kazi katika nyumba hii mtoto akiwa na siku kumi na moja. Mama wa mtoto ni mfamasia anayetoka asubuhi na kurudi jua limeshazama. Baba ni fundi wa minara ya simu, na huonekana nyumbani mwisho wa wiki tu.

Pumu ilimwanza mtoto akiwa na miaka miwili. Tangu hapo wamelazwa mara kumi na saba. Dada Pampu husema hivyo hivyo, "tumelazwa", kana kwamba na yeye alitundikiwa dripu.

"Kifua chake nakijua kuliko changu," anasema. "Kikianza kupiga filimbi, hata nikiwa chumba cha pili nimeshasimama kabla hajakohoa."

Mwaka jana mtoto alikosa shule kwa karibu muhula mzima. Katika muda huohuo rafiki yake wa pekee, wa nyumba ya jirani, alihama na wazazi wake. Mtoto akanyong'onyea. Hakuomba baiskeli wala simu. Aliomba mbwa.

Mama yake alikataa katakata. Mbwa, manyoya, vumbi, na kifua kile? Lakini mtoto aling'ang'ania, mpaka siku moja wakamuuliza daktari.

Daktari hakuwapa matumaini ya bure. Aliwaambia hakuna mbwa asiye na hatari kabisa kwa mwenye pumu, kwa sababu tatizo si manyoya peke yake. Mate yamo, na magamba madogo ya ngozi yamo. Ila wapo mbwa wadogo wenye manyoya ya kujisokota ambao hawapukutiki ovyo. Msimchukue kwa kuona picha, akasema. Mtoto akakae naye saa nzima, tena zaidi ya siku moja, muangalie kifua. Mkimchukua, aogeshwe kila wiki, asiingie chumba cha kulala, asimlambe mtoto usoni.

Jioni ile mfamasia alimwita yaya wake mezani.

"Dada, nenda kaangalie wewe kwanza. Wewe ndiye utakayeshinda naye. Nataka mdogo, asiyepukutika, na awe mpenda watu. Mtoto wangu anahitaji wa kumkumbatia."

"Hilo la mwisho lilinichoma kama pasi," anasema Dada Pampu. "Anahitaji wa kumkumbatia! Nikajiuliza, kwani mimi hapa nimekuwa nani? Kabati?"

Alikwenda. Mfugaji aliyeelekezwa kwake ni mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye maneno machache, anayefuga mbwa wadogo uani kwake na kuwanyoa wa watu wengine. Alimshauri asichukue mtoto wa mbwa, maana manyoya ya utotoni hubadilika na tabia haijulikani. Bora mkubwa kidogo, anayeeleweka.

Alikuwa nao wawili wa namna hiyo. Dada Pampu aliwabeba mmoja mmoja na kuwasugua kwenye aproni yake ya bluu iliyokoza. Hakukubaki hata unyoya mmoja.

Wa kwanza alikuwa jike wa miaka minne, kilo tano, aliyeachwa na mwenyewe alipohamia nyumba isiyoruhusu mbwa. Alipowekwa chini alimfuata mgeni, akakaa juu ya mguu wake, akaegemeza kidevu gotini kwake, akatulia. Wa pili, dume, aligeuka akatazama ukuta.

"Yule jike nilimpenda," anasema, na sauti inashuka. "Hapo ndipo penye tatizo. Kama mimi niliyekwenda na kinyongo amenilainisha kwa dakika tano, mtoto je? Nilijua nikimpeleka nyumbani, kazi yangu imekwisha. Sisemi kazi ya mshahara. Ile nyingine."

Aliporudi, mfamasia alimuuliza ameonaje.

"Yule jike ana hasira, mama. Ananguruma. Dume ndiye mtulivu."

Mtulivu kweli alikuwa. Walimpeleka mtoto mara tatu akae naye, na kifua hakikutoa hata mlio. Mfugaji alishangaa. "Hamtaki hata kumwona yule mwingine?" aliuliza, na Dada Pampu akawahi kujibu kwamba wameshaamua. Wakamchukua dume kwa majaribio ya wiki mbili.

Dume aliingia chini ya kochi siku ya kwanza na kufanya makao. Alitoka kula, alitoka kujisaidia, akarudi. Dada Pampu alimpa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa kumwona ilikuwa kwa miadi. Mtoto alilala kifudifudi sakafuni, mkono umenyooshwa chini ya kochi, akimbembeleza. Siku ya tano alileta mto na kitabu, akamsomea hadithi. Mheshimiwa aligeuza uso.

Na kila alipochoka kubembeleza, mtoto alirudi mapajani kwa Dada.

"Nilifurahi," anasema Dada Pampu. "Wewe umekuja kutafuta ukweli, basi andika. Mtoto alikuwa na huzuni, na mimi nilifurahi."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika mwisho siku ya tisa. Alikuwa anamsuka mtoto nywele, wamekaa kwenye mkeka, mtoto amempa mgongo.

"Dada, mimi nanuka dawa?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ila hata mbwa hanitaki. Labda ananusa dawa kwenye mdomo wangu."

Chanuo lilimponyoka. Anasema alimgeuza mtoto, akamnusa shingoni, akamwambia ananukia sabuni, lakini maneno hayo hata yeye aliyasikia kama ya kukopa. Mtoto aliitikia kwa adabu tu.

Mfamasia aliporudi jioni ile hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Dada Pampu alimsubiri jikoni, mikono imefumbatwa kwenye aproni.

"Mama, nilikudanganya. Yule jike hana hasira. Hajanguruma. Alinipenda, na mimi nikamwogopa."

"Ulimwogopa vipi mbwa wa kilo tano?"

"Nilimwonea wivu."

Mfamasia alizima jiko. Alivuta stuli akakaa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Kuhusu mazungumzo yaliyofuata, wanawake hawa wawili wanasimulia mamoja, ila kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza kulia. Mfamasia kwanza alikasirika. Alimwambia yaya wake kwamba akimdanganya tena katika jambo linalomgusa mtoto, atafungasha siku hiyohiyo. Kisha akaweka kiatu chini.

"Unakumbuka neno lake la kwanza?" aliuliza.

Dada Pampu alikumbuka. Lilikuwa "Dada".

"Ulinipigia simu kazini kuniambia. Ulikuwa na furaha mpaka unapiga kelele. Mimi niliingia stoo, nikalia kati ya maboksi ya dawa. Nimetaka kukufukuza mara tatu, Dada. Kila mara nilikosa sababu."

Yaya hakuwahi kuota jambo hilo. Kwake yeye, bosi wake alikuwa mwanamke aliyetulia, mwenye digrii, mwenye mtoto wake. Cha kuonea wivu nini kwa mtu anayelala chumba cha nyuma?

"Kumbe tulikuwa tunakula naye wivu sahani moja," anasema mfamasia, akicheka sasa. "Mimi nilikuwa nimezoea. Mwenzangu alikuwa anauonja kwa mara ya kwanza."

Si kweli kwamba ilikuwa mara ya kwanza, lakini tutafika huko.

Asubuhi yake walimpigia simu mfugaji. Jike alikuwa ameahidiwa familia nyingine, wanakuja Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. "Hao hawajamwona hata mara moja," mwalimu mstaafu alisema baada ya kufikiri. "Leteni mtoto leo. Nitakayempa ni yule ambaye mbwa mwenyewe atamkubali."

Mtoto alikaa kwenye jamvi uani, mikono mapajani, hathubutu kuinyoosha. Mheshimiwa alikuwa amewafundisha wote woga. Mlango ukafunguliwa, jike akatoka, akanusa hewa, akampita mtoto na kwenda moja kwa moja kwa Dada Pampu. Alimkumbuka. Akakaa juu ya mguu wake uleule.

"Nilimtazama mtoto," anasema Dada Pampu. "Uso wake ulikuwa uso wangu. Ule wa jioni ile mezani, nilipoambiwa anahitaji wa kumkumbatia."

Alichomoa mguu. Mbwa akaufuata. Akauchomoa tena, akainama, akamsukuma taratibu kwa kiganja mpaka kwenye jamvi. "Nenda kule. Anayekutaka ni yule."

Mbwa alimnusa mtoto viganja, akamnusa mdomo wenye harufu ya dawa, akapanda mapajani na kujikunja. Mtoto aliinua macho, akamtazama Dada wake kama mtu anayeuliza kama ni kweli.

Walikaa saa nzima, pampu ikiwa tayari mkononi. Kifua hakikupiga filimbi. Walirudi Ijumaa asubuhi na kumrudisha Mheshimiwa, wakarudi tena jioni. Jumamosi familia ya pili ilipofika, wazee wawili waliotaka mbwa wa kutowasumbua, walimwona Mheshimiwa ametazama ukuta na wakasema huyo huyo ndiye wao.

Jike alipewa jina la Chai, kwa rangi yake. Sasa ana miezi minane ndani ya nyumba hii. Muhula uliopita mtoto alikosa shule siku mbili tu, na majirani wanampa mbwa sifa kwa hilo. Dada Pampu halikubali hilo hata kidogo.

"Mbwa anatibu pumu? Ni dawa mpya, na mtoto anakua. Daktari mwenyewe kasema," anasisitiza. "Chai kazi yake ni kula na kupendwa."

Hata hivyo, kila Jumamosi ni yeye anayemwogesha, na anamkausha masikio kwa ncha ya taulo kama alivyokausha masikio ya mtoto. Mtoto akiugua, Chai hulala nje ya mlango wa chumba, pua imeingizwa kwenye upenyo wa chini, na yaya hulala ndani. "Humo ndani," anasema kwa ushindi, "bado ni mimi."

Mbwa wa manyoya ya kujisokota hapukutiki, lakini akiachwa manyoya yake hugeuka jamvi. Kila baada ya wiki sita lazima anyolewe. Mwalimu mstaafu alimfundisha Dada Pampu, akagundua kwamba vidole vilivyosuka nywele za mtoto miaka yote havivuti wala haviumizi. Akaanza kumpa wateja. Sasa katika siku zake za mapumziko hunyoa mbwa kumi na mmoja kwa mwezi, na mwezi mmoja kama huo humpatia karibu nusu ya mshahara wake.

Ndipo tunafika kwa kijana wake.

Ana miaka kumi na minne, anaishi na bibi yake, safari ya saa nane kwa basi. Bibi yake ndiye anayemwita mama. Mama yake mzazi anamwita Dada, kwa sababu ndivyo alivyosikia wajomba zake wakimwita. Miaka yote Dada Pampu alirudi nyumbani likizo na kumwona mwanawe akikimbilia khanga ya mtu mwingine, na hakuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa aliyeshika khanga hiyo ni mama yake mwenyewe.

Miezi michache iliyopita alimtumia kijana picha ya mtoto akiwa na Chai. Wiki nzima hakujibiwa. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: "Huyo mtoto anaamka na wewe, anakula na wewe, na bado mmemtafutia mbwa."

"Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa," anasema. "Mimi nilikuwa nahesabu wivu wangu tu. Kumbe kulikuwa na mtu wa mwisho kwenye foleni, na amesubiri kuliko sisi wote."

Mpango wake ni huu. Mwakani shule zikifunguliwa ataondoka. Mfamasia ameshakubali, ingawa alimaliza kisanduku cha tishu, na mashine ya kunyolea ameinunua yeye. Yaya mpya ataanza miezi miwili kabla, afundishwe kusikiliza kifua. Dada Pampu atakodi chumba kimoja katika mji anaoishi mwanawe, aweke meza, beseni na mashine, anyoe mbwa wa watu, na jioni arudi nyumbani kwake. Mtoto ataambiwa Jumapili hii, kabla gazeti halijatoka.

Kijana alipigiwa simu wiki iliyopita. Alisikiliza mpango wote bila kukatiza.

"Na huyo mtoto wa huko amekubali?" aliuliza.

"Sijamwambia bado," mama yake alijibu. "Safari hii nimeanza na wewe."

Kijana akauliza chumba hicho kitakuwa upande gani wa soko, kwa sababu kuogesha mbwa kunataka maji mengi, na yeye anajua ni upande upi maji hayakatiki.