Dakika Mbili za Masanja

Emerensiana alikuwa muuguzi wa hospitali moja ya binafsi pale Majengo. Miaka tisa alikaa kwenye chumba cha kamera, akimtuliza mgonjwa huku Daktari Clemens akiingiza mpira wenye kamera kwenye utumbo mpana. Daktari alisifiwa kwa wepesi. Emerensiana alijua wepesi ule ulikuwa haraka tu, ila hakusema.

Ndipo hospitali ikaleta programu ya akili mnemba ya kupima ubora wa kazi ile: utumbo ulikuwa safi kiasi gani, kuta zake zilionekana zote, kamera ilitolewa kwa dakika ngapi. Inatakiwa zisipungue sita. Emerensiana akapewa kazi ya kuipitishia video za zamani, kuijaribu.

Siku ya nne ikaja video ya Masanja, mfugaji wa Laela. Miaka miwili nyuma alikuja akilalamikia damu kwenye choo, akaambiwa ni bawasiri. Mashine iliandika dakika mbili. Nusu ya kuta haikuonekana. Pembeni, kwa sekunde moja, kiuvimbe kilipita, mashine ikakizungushia mstari wa kijani.

Akaipeleka kwa daktari. Clemens alisema mashine haijawahi kumgusa mgonjwa.

"Mimi nilikuwepo, daktari," alimjibu. "Ulikuwa na haraka."

Alitafuta namba kwenye faili, akapiga. Debora, mke wa Masanja, alisema mumewe hali chakula tena, na tumbo limejaa maji. Walimleta kesho yake. Kansa ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Emerensiana alimtoa Debora nje ya wodi, akamweleza yote bila kuficha. Debora alikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Nesi, na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."



Masanja alifariki baada ya wiki tatu. Emerensiana alikwenda Laela kuzika. Debora alimwonyesha mahali pa kukaa mkekani, asimsemeshe tena.

Clemens alisimamishwa kazi. Mashine ilikuwa imetoa majina mengine arobaini na moja ya wagonjwa wa kuitwa upya, na Emerensiana ndiye aliyeomba kuwapigia. Waliopokea walikuwa ishirini na sita. Simu ya mzee mmoja wa Pito ilipokelewa na binti yake, aliyesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema baba yake walimzika mwezi wa tatu.