Kidole Kwenye Timazi

Fundi mwashi huyu watu walimwita Wima, maana kuta zake hazikujua kuinama. Isipokuwa mmoja tu, wa jikoni kwake. Aliujenga asubuhi ile mke wake aliposhikwa na uchungu wa kumzaa binti yao. Kwa haraka aliyokuwa nayo hakungoja timazi, kile chuma kinachoning'inia kwenye uzi wa kupimia ukuta, kitulie chenyewe. Akakituliza kwa kidole, akapanga matofali. Ukuta ukalala upande. Miaka ishirini na sita sasa mlango wa kabati lililotundikwa pale haujakubali kufungika, na mke wake hajaacha kumcheka.

Mwaka huu mke huyo akaambiwa ana uvimbe tumboni, lazima apasuliwe. Yeye akakubali siku ileile. Mume ndiye aliyegoma. Alizunguka hospitali tatu akitafuta daktari wa kumwambia vingine, akawahoji wauguzi mpaka wakawa wakimwona tu wanajitia shughuli. Hata kusali, alisali kama anamwagiza saidia fundi: Bwana, fanya hivi, kile weka pale, na usichelewe. Kila alipoinuka alikuwa amechoka kuliko alipopiga magoti. Wiki tatu zikapita, na uvimbe haukuwa ukimsubiri.

Jumapili, walipotoka ibadani, mke akamketisha jikoni. Akamwambia kwamba bila ridhaa yake haingii chumba cha upasuaji. Hataki kumwacha nje na moyo uliokunja ngumi.

"Mume wangu, timazi inatulizwaje?"

"Inaachiwa."

"Na ukiishika?"

Fundi akautazama ukuta. Mlango wa kabati ulikuwa wazi, kama kawaida yake.

"Basi toa kidole, baba," mke akasema taratibu. "Mwache Mungu afanye kazi yake."

Fundi akapiga magoti palepale, kwenye sakafu aliyoisawazisha mwenyewe, na safari hii hakuwa na cha kuagiza. "Bwana," alisema, "alikuwa wako kabla hajawa wangu. Nimeachia." Kisha akalia, mtu mzima na mvi zake, na mkewe akamwacha alie.

Jumanne, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, fundi ndiye aliyetangulia kuuachia mkono wa mkewe. Binti yao alikuwa amekuja kumshikilia baba. Ikawa baba ndiye anayemshikilia binti, saa nne nzima kwenye benchi, na hapo alikuwa hajajua lolote la upasuaji. Wiki zile tatu za kupigana hakuwahi kuwa na nguvu kama hizo.

Mke alirudi nyumbani baada ya siku tisa, amekonda, anatembea kwa kushika kuta. Alipofika jikoni, mlango wa kabati ulikuwa wazi kama unaomlaki. Fundi akaona haya, akaahidi kwamba Jumatatu atabomoa ukuta ule aujenge upya.

"Thubutu," mke akasema, akijivutia kiti. "Ukuta ukishanyooka, nitakukumbusha kwa kipi?"