Mashine Yenye Waranti na Mayai ya Ikutha

Mume wangu aliponunua mashine ya kuangulia vifaranga, hakuniambia inabeba mayai mangapi wala inakula stima kiasi gani. Aliniambia ina waranti. Alilitamka neno hilo akiwa bado chini ya shamba, yeye na jirani wakipanda kilima na boksi katikati yao, kwa sababu huku kwetu Kilungu pikipiki hufika mahali ikakataa, na mwenye mzigo humalizia kwa miguu.

"Mwaka mzima!" alipaza sauti. "Ikiharibika, ni shauri yao!"

Nilisimama mlangoni na mikono yenye unga nikafurahi naye. Katika maisha yangu sikuwa nimemiliki kitu ambacho kikiharibika ni shauri ya mtu mwingine.

Mume wangu ni mtu mwema. Analima machungwa, ni mzee wa kanisa, na udhaifu wake ni mmoja tu: karatasi ikiwa na muhuri, anaiamini kama ameandikiwa na Mtume Paulo. Wiki hiyohiyo tuliuza kuku wetu wote waliokuwa wakipenda kuatamia. Mwenye mashine, alisema, ana haja gani na kuku wa kulala kwenye kikapu wiki tatu akimdonoa kila anayepita? Nikawauza. Wanunuzi walifurahi sana, wala sikujiuliza kwa nini.

Siku chache baadaye ndipo aliponieleza masharti. Msichana wa dukani kule mjini Wote alikuwa amemhakikishia kwamba waranti ni ya bure kabisa. Ila ili iendelee kuwa ya bure, mashine ilipaswa kufanyiwa sevisi kila baada ya miezi mitatu na fundi wa duka, si fundi mwingine, na sevisi hiyo hulipiwa, pamoja na nauli ya fundi.

"Sasa hiyo bure iko wapi?" nilimwuliza.

"Wewe unapenda kupinga maendeleo," akasema.

Fundi alikuja mara ya kwanza akiwa na ovaroli safi kuliko nguo zetu za kanisani. Asubuhi ile nilikuwa nimeipangusa mashine vizuri, kwa aibu ya mgeni. Alifungua kifuniko, akapuliza ndani kwa mdomo mara mbili, akapitisha kitambaa juu, akabandika stika ubavuni. Kisha akanywa chai na chapati, akasubiri pesa ziingie kwenye simu yake, akateremka kilima. Mume wangu aliitazama ile stika kwa muda mrefu. Nilimwambia kwamba hata mimi naweza kupuliza, na pumzi yangu haidai nauli.

Muda wa sevisi ya pili ulipokaribia, alimpigia fundi mapema. Fundi alikuwa Kitui. Wiki iliyofuata alikuwa bado Kitui. Baadaye alikuwa Wote lakini gari lilikuwa Kitui. "Usijali mzee," alikuwa akisema kila mara, "jina lako liko kwa kompyuta." Alipofika hatimaye, tarehe ilikuwa imepita kitambo. Akapuliza, akapangusa, akabandika stika ya pili juu ya ile ya kwanza, akalipwa.

Haukupita muda ndipo mama mkwe wangu alipokuja kutoka Ikutha.

Yeye ni mjane, anakaa peke yake kule chini kwenye joto, na kwa miaka mingi amefuga kuku wa shingo uchi. Si kuku wa kupendeza. Ukiwatazama unadhani kuna mtu alianza kuwanyonyoa akaitwa kwenye simu. Lakini wanavumilia jua, wanajitafutia chakula, na yeye aliletewa wa kwanza na mama yake mzazi alipomzaa mume wangu. Hakuwahi kununua kuku mwingine tangu hapo. Msimu huo ugonjwa wa kideri uliingia kijijini. Ulipofika boma la jirani, hakungoja. Alikusanya kila yai lililokuwa limetagwa kwake, akayapanga kwenye kikapu ndani ya makapi ya mtama, akasafiri nacho mapajani hadi kwetu. Kesho yake alipigiwa simu akaambiwa kuku wake wameanza kufa. Kabla ya Jumapili walikuwa wameisha wote.

Hakulia mbele yetu. Alikaa tu karibu na kile kikapu, mkono mmoja juu ya kifuniko.

Mume wangu alimwonyesha mashine kama anayemwonyesha mkwe mpya. Taa, feni, namba nyekundu za joto. Mama mkwe akainama, akatazama ndani.

"Kwa hivyo huyu ndiye mama yao?"

"Mwaitu," mume wangu akasema, yaani mama kwa Kikamba, "usiwe na wasiwasi. Ina waranti."

"Waranti inaatamia?"

Tuliyaweka mayai. Baada ya siku kadhaa tuliyamulika kwa tochi ya simu, tukaona mishipa ndani, halafu kivuli, halafu kivuli kinachocheza. Mama mkwe alihamishia kiti chake karibu na mashine. Alikuwa akinywea chai hapo, akichambua ndengu hapo, akiongea na mayai kwa Kikamba kwa sauti ya chini, mambo ambayo hayakunihusu.

Zilikuwa zimebaki siku chache watoke. Ilikuwa mchana, nikiwa nyuma ya nyumba nikianika nguo, nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimkuta ameweka kiganja kwenye kioo.

"Imepoa."

Nikatazama. Taa ilikuwa inawaka, feni inazunguka, na zile namba nyekundu zilisema joto ni lilelile la jana. Nikaweka mkono wangu kwenye kioo. Kilikuwa baridi kama sahani kabatini.

Mume wangu alikuja mbio kutoka kwenye machungwa. Akapiga simu dukani, akaweka sauti ya juu ili nasi tusikie haki zetu. Kwanza tulisikilizishwa muziki. Kisha msichana akapokea, tabasamu lake likisikika, akaomba namba ya mashine, akatafuta.

"Mzee, naona hapa sevisi ya pili ilichelewa. Kwa hivyo waranti yako imesimama."

"Ni fundi wenu aliyechelewa. Nilimpigia mimi mwenyewe, tena na tena."

"Ni kweli, mzee, lakini mashine ni yako."

"Madam, kuna mayai ndani. Yana vifaranga hai."

"Pole sana. Ila tunaomba usiifungue. Ukiifungua, waranti itaisha."

"Si umesema imesimama?"

"Imesimama, lakini haijaisha."

Mume wangu alibaki ameishika simu mbele ya uso wake, mdomo wazi. Nimeishi naye muda mrefu, nimemwona akipoteza ng'ombe na msimu mzima wa mahindi, lakini sijamwona amesimama hivyo. Alikuwa kama mtu aliyefika kanisani Jumapili akakuta wamefungua baa. Mama yake hakumngoja amalize. Alifungua mashine.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho kwa yeyote ambaye mayai hayakuwa yake. Mayai mengine tuliyaweka kwenye karai jikoni, kando ya moto, yamezungukwa na chupa za maji moto na blanketi. Mengine mama mkwe aliyafunga kwenye leso yake ya kujifunga, akaizungusha tumboni, akavaa sweta mbili juu, akatangaza kwamba haendi popote. Mimi na mume wangu tukashika njia za kilimani, boma hadi boma, tukitafuta kuku anayetaka kuatamia. Tuliwapata. Walikuwa wetu, wale tuliowauza. Mwenye nyumba wa kwanza alimsikiliza mume wangu hadi mwisho, akamtazama kwa huruma kubwa, akasema, "Lakini nyinyi si mna mashine?"

Alitupa nafasi chini ya kuku huyo, hata hivyo. Wengine wawili pia. Jumapili mama mkwe hakwenda kanisani. Mchungaji alipouliza, mume wangu alisema mama yake hajisikii vizuri. Ningesema nini mimi? Kwamba amekalia mayai? Nikaimba pambio.

Walianguliwa vifaranga wachache, wa kuhesabika kwa vidole vya mikono. Mmoja alitoka ndani ya ile leso, na mama mkwe aliyekuwa akinywa uji akaganda na kikombe hewani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Mayai mengi hayakuanguliwa. Kuna yaliyokuwa yametobolewa kidogo kutoka ndani, halafu basi. Mume wangu aliyachukua kwenye ndoo akaenda kuyazika chini ya shamba, na alichukua muda mrefu kuliko shimo lilivyohitaji.

Jumatatu niliibeba mashine hadi Wote. Mume wangu alitaka kuja, nikamwambia abaki na mama yake. Ukweli ni kwamba niliogopa wangemwonyesha karatasi nyingine yenye muhuri.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Alinikaribisha kiti, akaniita mteja wao wa thamani, akaitazama mashine kwa mbali.

"Madam, hii tunaweza kuitengeneza. Ni hita imekufa, na kile kipimo cha joto kinadanganya. Lakini kwanza mlipie sevisi ya kurudisha waranti, halafu hita mlipie."

"Sasa waranti ikisharudi itafanya nini?"

Akafikiri. "Italinda hita mpya."

"Na mlipotuuzia mashine, mlijua hita inakufa mtu asipoipuliza?"

"Hapana, madam. Kupuliza hakuhusiani na hita."

Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wateja wawili. Nilimshukuru, nikabeba mashine yangu nikatoka.

Ofisi ya biashara ya kaunti haikuwa mbali. Nilingoja kwenye benchi hadi makalio yakafa ganzi, mashine miguuni kama mtoto mgonjwa. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mzima mwenye mafua, na mwanzoni nilidhani hanisikilizi, kwa sababu alikuwa akitafuta kitambaa chake cha pua kwenye droo. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja.

"Mama, wao wenyewe wamekubali sevisi haikuua hita?"

"Meneja amesema mbele ya watu."

"Basi sikiliza. Karatasi yao ni ahadi yao, wanaweza kuiwekea masharti yao. Lakini sheria inasema kitu unachouziwa kifanye ile kazi uliyoambiwa kinafanya. Hiyo haiko kwenye karatasi yao, na hawawezi kuiondoa kwa karatasi yao. Hata kama hujalipa sevisi hata moja, hiyo haki iko. Wakikataa, kuna mahakama ya madai madogo, na huhitaji wakili."

Nilimwuliza kwa nini hakuna anayetuambia hayo dukani. Akapenga kamasi. "Mama, wewe ungewaambia?"

Alimpigia meneja. Sijui alisema nini, maana alinitoa nje, lakini niliporudi dukani kiti changu kilikuwa na mto. Meneja alikuwa na habari njema: kampuni, kwa moyo wake wa ukarimu, imeamua kunitengenezea mashine bila malipo, kama hisani, nitie tu sahihi hapa kwamba nimepokea hisani na sina dai lingine.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na njaa, na barabara ya kurudi ilikuwa ndefu. Mwanamke mwenye akili angetia sahihi. Lakini nilimkumbuka mama mkwe wangu na sweta mbili juu ya ile leso ya mayai, nikaisukuma karatasi upande wake.

"Kijana wangu," nikamwambia, "hisani naipata kanisani. Hapa nilinunua. Nirudishie pesa, ubaki na mashine."

Alikwenda nyuma, akarudi, akaenda tena. Tulifikia kwamba pesa ya mashine itarudi, na ikarudi, baada ya safari nyingine mbili za kwenda Wote. Pesa za sevisi walikataa katakata, wakisema ni huduma iliyokwisha kutolewa. Sikubishana. Ilitolewa kweli. Niliishuhudia mimi mwenyewe, pumzi hadi pumzi.

Kuhusu mayai, nilimwuliza yule afisa nilipompitia kumshukuru. Alisema ningeweza kudai, lakini itabidi nithibitishe yalikuwa mangapi, yalikuwa hai, na yana thamani gani. Nikatafuta namna ya kumweleza mtu mwenye mafua thamani ya kuku wasio na manyoya shingoni. Nikaacha.

Nyumbani mama mkwe alitaka kusikia yote. Nilimsimulia, hadi kile kiti chenye mto.

"Na kuhusu mayai? Walisema pole?"

"Yule msichana alisema, kwenye simu. Siku ile."

"Kabla hawajatukataza kufungua."

"Ndiyo, Mwaitu."

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, ameyapa mgongo mazungumzo. Akasema, bila kugeuka, "Mama, nisamehe." Mama yake akamwambia asiwe mjinga, akaniomba nimwongezee chai.

Alikaa nasi hadi vifaranga walipochanjwa na kuota manyoya, pale walipotakiwa kuyaota. Kisha akataka kwenda kwake. Mume wangu alimsindikiza hadi Ikutha, akabaki siku kadhaa akilifyeka boma, akipaka banda chokaa na kuchoma takataka zote za zamani. Alipiga simu jioni moja akaniambia jogoo mmoja ameanza kujaribu kuwika, na sauti yake ni mbaya kupita kiasi. Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akimkemea amwache mtoto ajifunze.

Sisi huku tumemnunua kuku mmoja wa kuatamia kutoka kwa jirani. Alituuzia kwa bei aliyojisikia, nasi tukalipa.