Vyerehani Mia na Ishirini

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache na mafuta mengi. Kiwandani wanawake walimwita Bwana Mafuta, kwa ajili ya kile kikopo chenye mdomo mrefu alichotembea nacho kutwa, na kwa sababu hakuna shati lake hata moja lililosalimika. Mimi ni mdogo wake, nafundisha shule ya msingi, na mdomo aliokosa yeye nilipewa mimi. Ndiyo maana habari zake nazisimulia mimi.

Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mashati. Mashati yenyewe sisi hatukuyavaa. Yalikunjwa, yakatiwa kwenye mifuko ya nailoni, yakapelekwa ng'ambo kwenye maduka tuliyoyajua kwa lebo tu. Vyerehani vilikuwa mia na ishirini, safu sita, ishirini kila safu, na kila kimoja kilikuwa na mwanamke wake. Wifi yangu alikaa safu ya tatu, akishona kola. Huko ndiko walikojuana na kaka. Kila siku sindano yake ilivunjika, kila siku fundi akaitwa, mpaka msimamizi akauliza sindano za safu ya tatu zimeingiwa na ugonjwa gani. Mwaka uliofuata tulicheza harusi.

Kisha benki za watu zikaanguka huko mbali, kwa mikopo ya nyumba ambazo sisi hatukuwahi kupita hata mlangoni pake. Waziri alisema redioni kwamba uchumi wetu uko imara, hautatikisika. Wiki ya pili akasema utatikisika kidogo. Wiki ya tatu wakaleta waziri mwingine. Wakati huohuo mtu fulani ng'ambo, akihofia kazi yake, alifungua kabati akaona shati la mwaka jana bado linafaa. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini walifanya hivyo kwa mamilioni, na safu ya sita ikasimama, ikafuata ya tano. Haikutimia miezi minne lango la kiwanda likafungwa kwa mnyororo.

Wafanyakazi wote waliambiwa waende nyumbani, isipokuwa kaka. Mkurugenzi alimwambia, "Fundi, wewe utabaki na nusu mshahara. Hakikisha mashine hazilali." Kaka aliyasikia maneno hayo kama alivyotaka kuyasikia. Kwake, mashine zisilale maana yake washonaji wenyewe watarudi.

Nusu mshahara haikutosha watu wanne mjini, kwa hiyo wifi aliwachukua binti zao wawili akaenda kwa mama yake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Walikubaliana kwamba ni kwa muda tu. Kiwanda kikifunguliwa, watarudi siku hiyohiyo.

Basi kaka akawa anaingia kiwandani kila asubuhi kwa mlango mdogo wa nyuma. Safu moja kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Anafunua turubai, anafuta vumbi, anatia mafuta, anaweka kipande cha kitambaa, anashona mstari wa urefu wa mkono, kisha anakigeuza kitambaa kutazama chini, maana uongo wa cherehani, alinieleza, huonekana upande wa chini. Halafu anahamia kinachofuata. Ukumbi ule zamani ulikuwa na kelele hata watu wakazoea kusemezana kwa midomo na vidole. "Sasa nikizima," aliniambia, "nasikia viatu vyangu."

Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta anaongea. Nilidhani ana mgeni. "Unaongea na nani?" nikamuuliza. Akaona haya, akafuta mikono. "Na hizi mashine." Nikamuuliza kama zinamjibu. "Za safu ya pili hulalamika sana," akasema, na hakuwa akitania kama nilivyopenda.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili. Kitanda cha wasichana alikitandika kila Jumapili ingawa hakuna aliyekilalia. Mwezi wa kwanza alipika chakula cha watu wanne kwa mazoea, akakila siku tatu. Baadaye akazoea kipimo cha mtu mmoja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kaka yangu alikuwa mpweke. Nalitamka mimi kwa kuwa yeye hakulitamka kamwe.

Wanawake wa kiwandani wakipita langoni walimwita, "Bwana Mafuta! Vipi, wamesemaje?" Naye aliwajibu, "Subirini kidogo. Mashine zote zinafanya kazi." Maneno hayohayo alimwambia wifi kwenye simu kila Jumapili. Mimi nilimwambia aache, aende kwa mkewe, ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye akanijibu subira huvuta heri. Tukarushiana methali kama watoto wa darasa la nne, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ilipita miezi kumi na minne. Alhamisi moja mkurugenzi akaja na mgeni mwenye viatu visafi. Mgeni alichagua mashine tano ovyo, akashona, na kila mara akageuza kitambaa kutazama chini. Kaka akajua huyu si mgeni wa kazi hii.

"Hizi hazijalala hata siku moja," mgeni akasema.

Mkurugenzi akampiga kaka begani. "Ndiyo maana tulimwacha huyu. Nani angenunua kutu?"

Hivyo ndivyo alivyopata kujua kwamba mashine zinauzwa. Mgeni angerudi Jumatatu kukagua zote. Zikipatikana zaidi ya kumi zenye kasoro, hanunui hata moja. Kaka aliuliza zinapelekwa wapi.

"Mahali ambapo watu wanalipwa kidogo kuliko ninyi," mgeni akajibu, wala hakusema kwa ubaya.

Kaka alikuja kwangu mchana uleule. Nilimwekea chai, ikapoa mbele yake. Ndipo akasema, "Kumi na moja." Nikamuuliza kumi na moja nini. "Kuna skrubu moja chini ya kila mashine. Ukiilegeza nusu mzunguko tu, inaanza kuruka mishono, na hakuna atakayejua kwa nini. Zikiharibika kumi na moja, hazitoki pale."

"Na zisipotoka?"

"Mambo yakitengemaa huko ng'ambo watafungua. Wifi yako atarudi."

Mimi huwaadhibu watoto kwa kuangalizia majibu ya wenzao. Siku hiyo sikuona haya hata chembe. "Legeza," nikamwambia. "Legeza ishirini, usibane."

Ijumaa aliingia chini ya safu ya tatu na bisibisi, akalegeza skrubu ya kwanza. Akashona mstari mmoja, akageuza kitambaa. Mishono ilikuwa imeruka, kama alivyotaka. Baadaye aliniambia kwamba aliona aibu kana kwamba mtu amemfumania, akageuka kutazama mlangoni, na hapakuwa na mtu. Akarudi chini akaikaza. Ya pili hakuigusa.

"Nimezitia mafuta miezi kumi na minne, mdogo wangu," akasema. "Mkono umekataa."

"Basi huo mkono wako ni mjinga," nikamwambia, nikaenda jikoni nikalia.

Jumatatu zilipita zote mia na ishirini. Mgeni alimpa kaka mikono miwili, akasema hajapata kuona fundi kama huyu. Kesho yake kazi ya kuzing'oa sakafuni ingeanza. Saa ya chakula kaka alikuja shuleni akanisubiri nje ya darasa, maana alitaka kumpigia wifi na hakutaka kuwa peke yake akimwambia. Tukaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yake hayaingii, simu katikati yetu ikiwa na sauti ya juu.

"Leo Jumatatu," wifi akasema. "Kuna nini, baba watoto?"

"Mashine zimeuzwa. Zote."

"Zote?"

"Hakukuwa na hata moja mbovu."

"Hilo nalijua," wifi akasema taratibu. "Baba watoto, na mimi nina neno. Watoto niliwaandikisha shule huku. Tangu mwaka jana, mwezi wa tisa."

Kaka aliisogeza simu karibu yake.

"Kila Jumapili nilikuwa nataka kukuambia. Na kila Jumapili unaniambia mashine zote zinafanya kazi. Ningeanzia wapi?"

Miezi yote ile kaka alikuwa akiwatandikia kitanda watu waliokwisha kuhama. Nilimkasirikia wifi, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa na miguu na nauli na sikwenda hata siku moja kumtazama. Kaka alikuwa anatazama mikono yake tu.

"Wanasoma vizuri?" akauliza mwishowe.

"Vizuri. Mdogo kawa wa tatu."

"Vizuri. Hapo kwenu kuna mafundi cherehani?"

"Wapo wawili. Wanashinda wamekaa, hakuna anayeshonesha. Hali ni ileile."

"Basi tutakuwa watatu."

Tulimsikia wifi akivuta kamasi, na nyuma yake sauti ya mtoto ikiuliza ni nani.

"Lakini nipe wiki mbili," kaka akasema. "Mashine kuzifungua lazima nizifungue mwenyewe. Hao wengine watazivunja."