Heri Isiyo na Jina

Mkesha wa Krismasi nilikuwa sokoni Kariakoo nikingoja zamu yangu kwa mwuza kuku. Mbele yangu alisimama karani mmoja wa serikali, tai shingoni, jogoo aliyemnunua kwapani.

"Heri ya sikukuu, bwana," mwuza kuku akamwambia, akiweka sawa kofia yake ya kiua.

Karani akakunja uso. "Sikukuu gani? Haina jina? Sema Krismasi!"

"Mimi huwatakia heri watu wote, bwana."

"Mimi si watu wote!"

Akatuhubiria pale pale, kidole juu, jogoo naye akipiga kelele, mpaka Mwislamu wa watu akasalimu amri: "Haya, heri ya Krismasi."

Karani akatabasamu, kisha akamkabidhi jogoo. "Sasa nichinjie. Kesho majirani zangu Waislamu watakuja kula pilau, na nikichinja mimi hawatagusa."

Mwuza kuku akashika kisu. "Nisome maneno gani, bwana?"

"Yale yale yako! Usibadilishe hata moja."

Bismillahi ikasomwa, na karani akainamisha kichwa kwa adabu.

Kumbe salamu ya watu wote inamvunjia heshima, lakini pilau ya watu wote haina neno.