Lango Lililotangaza Msiba

Nyumba tuliyonunua Nguba, hapa Bukavu, ilikuwa na lango la chuma lenye mabawa mawili, na lango hilo lilifunguliwa kwa simu. Mwenye kuuza, mfanyabiashara aliyekuwa anahamia Ulaya na familia yake, alituonyesha mbele ya chef d'avenue, maana mkuu wa mtaa ndiye shahidi wa kila anayehama na kuhamia. Akagusa simu, mabawa yakaachana polepole. Akagusa tena, yakarudi. Taa za uani nazo zilimtii vilevile. Mume wangu alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Mimi ni mtu wa funguo. Siku ileile nilimwita fundi abadilishe vitasa vyote, mpaka cha stoo, kwa sababu Bukavu hakuna mwenye akili anayelala kwa funguo za mtu mwingine. Lango hatukuligusa. Yule bwana aliingiza simu ya mume wangu kwenye mtambo, akasema yeye atajitoa akishafika huko aendako. Tulimwitikia kwa kichwa, na kusema kweli hatukuelewa vizuri anajitoa kwenye nini.

Nyumba ile niliitafuta kwa ajili ya mama yangu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba, na kule tulikokuwa tunapanga, juu kilimani, hakuweza tena kupanda wala kushuka. Daktari alituambia jambo moja tu: asishtuliwe. Nilimpa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama uani, ili aone watu na jua. Ningejua, ningempa cha nyuma.

Kwetu lango kubwa halikai wazi. Watu wanapita kwenye kamlango kadogo ka pembeni, na gari likitoka lango linafungwa nyuma yake palepale, maana usalama wa siku hizi tunaujua. Likikutwa wazi kabisa asubuhi, bila gari, basi ndani kuna maiti. Hakuna anayeuliza. Majirani wanaingia na viti vyao, makala yao, makaa ya kupikia, na sufuria zao, na matanga yameanza.

Hatukuwa hata tumemaliza kufungua maboksi. Umeme ulikuwa umerudi alfajiri, nami nilikuwa jikoni nikasikia mota ya lango inanguruma. Nikadhani mume wangu anatoka. Kumbe alikuwa anaoga. Nilipotoka uani, mabawa yote mawili yalikuwa wazi na barabara nzima inatutazama ndani. Hapakuwa na mtu. Mume wangu alikuja na taulo lake, akafunga kwa simu, akasema ni courant tu, umeme ukirudi unarudi na wazimu wake. Sikupenda. Dalili ya mvua ni mawingu.

Siku chache baadaye nilienda misa ya asubuhi. Niliporudi, nilikuta uani kwangu kumejaa wanawake. Wamejifunga vitenge kiunoni, mmoja anapanga viti, mwingine ameshaweka gunia dogo la makala karibu na ukuta, na mmoja ameanza wimbo wa msiba kwa Kimashi, lugha ya huku, kwa sauti ya chini. Walikuwa hawatujui vizuri, ila walijua kwamba tumehamia na bibi mgonjwa. Lango lilikuwa wazi mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa ameshaenda kazini, na ile simu alikuwa nayo. Mimi mwenyewe, binti yake, niliamini kwamba mama amekufa wakati mimi nimepiga magoti kanisani.

Nilikimbia ndani. Alikuwa amekaa kitandani, mzima, amesogeza pazia, anawatazama. Hakugeuka.

"Mutoto yangu," akasema, "bale bamama balikuya kunililia?"

Nilimwambia wamepotea nyumba. Wale wanawake waliomba radhi mpaka nikawaonea huruma, wakabeba viti vyao wakaondoka kwa aibu. Mwenye makala alikataa kuyachukua tena. Alisema makala yaliyoletwa kwenye msiba hayarudi nyumbani. Nikamuuliza msiba gani, akaharakisha kuwafuata wenzake.

Tangu siku ile mama alibadilika. Aliomba kitenge chake cha zamani, alichotoka nacho kwao Mwenga, kifuliwe na kupigwa pasi. Aliomba padri aje amuungamishe. Alikula vijiko vichache na kusukuma sahani. Na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, aliniuliza kama mulango imefunguka. Nilikuwa namdanganya. Lakini dirisha lilikuwa pale, na masikio yake yalikuwa mazima.

Maana lango liliendelea. Siku ambazo umeme ulikuwepo asubuhi, lilifunguka. Siku ambazo haukuwepo, lilitulia, nami nikaanza kuombea giza kama kichaa. Mume wangu alimpigia mwenye kuuza, simu haikupokelewa, leo, kesho, juma zima. Nilimwambia nitaliponda lile sanduku la mota kwa nyundo. Akasema ni kitu cha thamani, nivumilie. Nilimjibu kwamba mama yangu pia ni wa thamani.

Mara ya pili majirani walikuja nusu, wamesimama nje na kiti kimoja, wakichungulia. Mara ya tatu hawakuja. Wakaanza kutucheka, wakituita watu wa mashini, na hata watoto wa shule walijua kuigiza mlio wa mota wakipita.

Hatimaye yule bwana alipokea. Kumbe hakuwa amejitoa. Lango lilikuwa bado lake, na alikuwa ameliwekea saa ya kufunguka asubuhi, saa ambayo dereva wake alikuwa anapeleka watoto masomoni. Watoto walishahama, saa yao ilibaki kwetu. Mume wangu alimpelekea mama simu ili asikie mwenyewe.

"Maman, pardon," ile sauti ikasema. "Ilikuwa saa ya batoto. Nilisahabu kuitosha."

Akaifuta ile saa, na yeye akajitoa kwenye mtambo, siku ileile. Nilimgeukia mama kwa furaha. Sasa umesikia, nikamwambia, si kifo, ni mtu yuko Ulaya.

"Nimesikia," akasema. "Kama mutu iko Ulaya anafungula mulango yetu, ule iko juu anashindwa nini?"

Lango likanyamaza kabisa. Nilitamani sana kuandika kwamba mama alipona. Alizidi kupungua, taratibu, macho yake dirishani, kama mtu aliyeambiwa gari linakuja na ameshafunga mizigo. Alikufa alfajiri moja ya mvua, mkono wake ndani ya wangu.

Umeme haukuwepo. Mume wangu aliifungua mota kwa ufunguo wake, tukasukuma mabawa kwa mikono, mazito, mpaka mwisho, tukayawekea mawe yasirudi. Kisha nikakaa barazani kungoja watu.

Watu walipita. Watoto wa shule walipita, wakaiga mlio, wakacheka. Wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walipita na mabeseni yao, wakatupa jicho ndani, wakaendelea. Hakuna aliyeingia. Mvua ilikuwa inapiga lango wazi na uani kwangu hapakuwa na kiti hata kimoja. Yule jirani aliyetuachia makala alikuja na mwavuli wake. Nilisimama nikidhani anaingia. Alisimama palepale barabarani, akatabasamu.

"Maman," akaniita, "mashini yenu imeanza tena."

Nilitoka kwenye mvua bila viatu, nikampita, nikaenda mpaka katikati ya barabara, mimi ambaye wanaonijua wanajua sijawahi kupaza sauti nje ya nyumba yangu. Nililia kwa nguvu kuliko nilivyokuwa nataka kulia, kwa sababu ilibidi kwanza niaminiwe.